Tisa, Tisa, Tisa, Mbili

Kwa heshima zote zinazoistahili sayansi, naanza na jambo lililo wazi. Mwezi wa Machi mwaka wa tisini na nane, katika chumba cha maandalizi nyuma ya maabara ya biolojia, Mulwa alikaa kuanzia kengele ya saa tatu asubuhi hadi kengele ya michezo, tumboni mwake mkioza kitu ambacho daktari yeyote angekitoa kwa muda wa kipindi kimoja cha hesabu. Mimi nilikuwa nimeketi mbele yake nimeshika saa. Sikuwa nimesinzia. Nilikuwa naandika.

Chanzo chake ni Mwalimu Kilonzo, ambaye hana hatia isipokuwa ya kufundisha vizuri. Siku moja aliacha silabasi mezani, akatoa karatasi alizokuwa amezinakili chuo kikuu, akatuambia kwamba kila mmoja wetu amebeba afyuni kichwani. Darasa zima la kidato cha tatu likaamka.

“Wataalamu walijiuliza,” akasema, “maji ya ua la afyuni la Asia yanapataje ufunguo wa kufuli lililo ndani ya ubongo wa mtu wa Masii? Jibu ni kwamba kufuli halikuwekwa pale kwa ajili ya ua. Mwili una ufunguo wake wenyewe.”

Akatueleza jinsi walivyosaga bongo za nguruwe mpaka wakapata minyororo miwili mifupi, kila mmoja shanga tano tu za asidi amino. Wakaiita enkefalini. Baadaye wakapata endofini, ambayo ni ndefu zaidi, kisha dinofini. Na hazikumwagwa mwilini ovyo kama mahindi ya kuku. Zina makao. Ziko tele katikati ya ubongo, kwenye ile nyama ya kijivu inayozunguka kijitundu cha maji. Ziko kwenye pembe za nyuma za uti wa mgongo, pale ujumbe wa maumivu unapobisha hodi ukitoka mguuni au mkononi. Ziko pale ubongo unapoweka woga na furaha. Endofini nyingine hutoka kwenye tezi ndogo kama punje ya kunde iliyoning’inia chini ya ubongo. Ujumbe wa maumivu ukifika mlangoni, enkefalini humwambia mgeni: mwenye nyumba hayupo, rudi kesho.

Nililipenda jambo hilo kwa dhati. Ni nadra mtu kusikia kwamba mwili wake unasema uongo kwa faida yake.

Wiki iyo hiyo punda wa mzee anayetuletea maji alikuja na kidonda mgongoni, kimejaa usaha, akawa anampiga teke kila anayekaribia. Abdikadir, rafiki yangu, ambaye baba yake ni mchuuzi wa mifugo mjini, alikuja akiwa na kamba fupi. Akaufunga mdomo wa juu wa punda, akapitisha kijiti, akakizungusha mpaka mdomo ukawa kama andazi lililokamuliwa. Punda akatulia. Kope zikashuka. Mzee akakifungua kidonda, akakiosha kwa maji ya chumvi, punda amesimama kama anayesikiliza mahubiri.

“Baba anafanya hivi kila siku,” Abdikadir akasema. “Anasema mnyama anasahau.”

Mwalimu Kilonzo alitazama yote akiwa mlangoni mwa maabara. Akasema madaktari wa mifugo wa Ulaya walikwisha kupima damu ya farasi waliobanwa hivyo, wakakuta endofini zimepanda. Hivyo ndivyo tulivyopata mada ya kongamano la sayansi la wilaya: Dawa ya Maumivu Iliyo Ndani ya Mwili, Mahali Inapokaa na Namna ya Kuiamsha.

Tulihitaji mwili. Ndipo tulipomwita Mulwa.

Mulwa alikuwa mwembamba, mpole, mwenye machozi ya karibu. Tulimwita Mfereji. Alilia alipodungwa sindano ya pepopunda, akalia mbwa wa mlinzi alipokufa, na niko tayari kuapa mbele ya hakimu kwamba alilia kwenye filamu ya wizara kuhusu kilimo cha matuta. Tulimlaza juu ya karatasi mbili za manila zilizounganishwa, nikamzungushia kalamu ya wino mzito toka utosini hadi nyayoni, akicheka kwa sababu inamtekenya. Tukaibandika picha kwenye plaiwudi. Vizibo vyekundu vya soda vilikuwa endofini, vya rangi ya machungwa enkefalini, vya kijani dinofini, tukavipanga kichwani na kando ya uti wa mgongo kila kimoja mahali pake. Ilikuwa kazi safi. Kwa shukrani tukaliandika jina la Mulwa la tatu, chini ya langu na la Abdikadir, naye akaitazama karatasi ile kama mtu aliyeona jina lake kwenye orodha ya waliookolewa.

Mwalimu Kilonzo akatikisa kichwa. “Picha nzuri. Lakini bila nambari hii ni picha ya ukutani. Mmepima maumivu ya nani?”

Tulikuwa tumepima. Tuliwabana watu masikio kwa vibanio vya nguo, tukawabana mdomo kwa kamba ya kiatu na penseli, tukawauliza maumivu ni ngapi kati ya sifuri na kumi. Mmoja alisema kumi na tano. Mwingine alikimbia na kibanio. Huo haukuwa ushahidi wa kumpeleka mtu Embu, na mshindi wa wilaya alikuwa anakwenda mkoani, Embu, kulala hotelini.

Basi ikafika Ijumaa, siku moja kabla ya kongamano. Tulipewa ruhusa ya kutoingia darasani ili tujiandae. Mwalimu Kilonzo akaenda mjini kupigisha chapa maelezo yetu. Saa tatu kasoro Mulwa akaingia chumba cha maandalizi ameinama kama mtu anayetafuta sarafu sakafuni.

“Kibe,” akaniambia, “niko na maumivu kwa tumbo.”

“Chakula cha shule hicho. Karibu chamani.”

“Hapana. Ilianza jana jioni hapa kwa kitovu. Sasa imehamia hapa.” Akashika chini, upande wa kulia.

“Imehama? Ilihama na mizigo?”

Abdikadir akacheka. Mulwa naye akajaribu kucheka, akaacha katikati.

“Nataka kwenda kwa nesi.”

Hapo ndipo wazo liliponijia, na kwa ajili ya kumbukumbu naliandika kama lilivyokuwa. Lilikuwa mzaha. Sikuamini hata kidogo kwamba kamba ya kiatu itaamsha kitu. Niliona tu kwamba Mfereji ana maumivu ya kweli, yasiyohitaji kibanio, na kwamba siku ni ndefu.

“Nesi atakupa nini?” nikamuuliza. “Panadol mbili na kunywa maji mengi. Hata ukienda na kichwa mkononi atakupa Panadol mbili na kunywa maji mengi. Ukimeza Panadol moja tu, dawa yako mwenyewe inalala, na mradi wetu unakufa. Lakini ukivumilia, bwana, endofini zitakuja zenyewe. Jumatatu shule nzima itajua kwamba Mulwa alikaa na maumivu siku nzima bila tone la chozi. Nani atakuita Mfereji tena?”

Kisha akaketi kwenye kigoda.

“Sitalia,” akasema.

Nikafungua daftari. Utaratibu ulikuwa huu: kila robo saa anataja nambari, kisha Abdikadir anambana mdomo wa juu kwa dakika tano, kisha anapumzika, kisha nambari tena. Saa tatu alisema tisa. Saa tatu na robo, tisa. Saa tatu na nusu, tisa. Nilimwambia awe mbunifu kidogo, sayansi haipendi mtu anayejirudia.

Kufikia saa nne kasorobo alikuwa amelowa jasho shingoni, na asubuhi ya Machakos mwezi huo haikuwa na joto la kumfanyia mtu hivyo. Saa nne na nusu alitapika kwenye beseni la kuoshea chupa. Abdikadir alilimwaga, akarudi.

“Kibe, huyu tumpeleke.”

“Wapi?”

“Kwa nesi. Ngozi yake ni moto. Mnyama akiwa hivi baba hambani mdomo. Anamtenga.”

“Baba yako anamtenga kwa sababu anataka kumwuza kabla hajafa,” nikamwambia. “Sisi hatumwuzi Mulwa. Sivyo, Mulwa?”

Mulwa alikuwa amejikunja ubavuni juu ya gunia la vumbi la mbao, magoti yamefika kifuani. Alitikisa kichwa bila kufungua macho. Sijui alikuwa anakataa nini. Niliandika kwamba amekubali kuendelea.

Wakati wa chakula cha mchana Abdikadir alikwenda kula, nami nikabaki, kwa kuwa mtafiti haachi kituo chake. Ilikuwa zamu yangu kushika kamba. Midomo ya Mulwa ilikuwa imekauka na ule wa juu umeanza kuchubuka. Nilizungusha penseli. Akanishika mkono, si kwa kunizuia, alinishika tu kama mtu anavyoshika reli ya ngazi.

“Inakuja lini?” akaniuliza.

“Nini?”

“Hiyo dawa.”

“Iko njiani,” nikasema. “Ubongo ni mbali.”

Nilijicheka kimoyomoyo kwa jibu hilo. Nililiona limekaa vizuri sana.

Abdikadir alirudi na kikombe cha maji, akaketi mlangoni, akakataa kushika kamba tena. Nikaendelea peke yangu. Tisa, tisa, tisa. Mara moja alisema kumi, nikamwuliza kama ana uhakika, akasema basi tisa.

Saa kumi na moja kamili, kengele ya michezo ikilia nje, nilimwuliza kwa mara ya thelathini na tatu. Hakujibu. Nikadhani amezimia. Kisha nikaona magoti yake yanashuka polepole, mgongo unanyooka, uso unalegea kama ngumi inayofunguka.

“Imeacha,” akasema.

“Imeacha vipi?”

“Imeacha tu. Kitu kimeachia ndani.” Akajigusa. Akacheka kicheko kidogo cha mshangao. “Kibe, imekuja! Mbili. Wallahi ni mbili.” Alikuwa Mkristo wa kanisa la nyumbani kwao, lakini siku nzima alikuwa amemsikia Abdikadir akimwita Mungu mlangoni.

Nami, niliyeanza kwa mzaha, niliamini. Nisingeweza kusema hivi kama isingekuwa kweli. Nywele zilinisimama. Nilikuwa nimeona kwa macho yangu mlango wa uti wa mgongo ukifungwa na mgeni akirudishwa. Abdikadir aliinuka akamkumbatia Mulwa, macho yake yana maji. Nilichora grafu jioni hiyo hiyo kwa wino wa buluu: mstari mrefu tambarare kama nyanda za Konza, kisha ghafla genge linaloshuka wima. Sijawahi kuchora kitu kizuri zaidi. Mulwa alikunywa uji nusu kikombe akalala mapema. Tulimwacha apumzike, shujaa hupumzika.

Asubuhi ya Jumamosi alikuwa na rangi ya jivu. Alitembea akiwa ameshika tumbo kwa mikono yote miwili kama anayebeba karai limejaa, na hakutaka kuinama wala kugeuka. Kongamano lilikuwa katika shule ya wasichana mjini. Tulipanga plaiwudi yetu ukumbini, tukamsimamisha kando yake, Mulwa wa nyama kando ya Mulwa wa vizibo, ili waamuzi waone mwili na ramani yake pamoja. Hilo nalo lilikuwa wazo langu.

Akaniegemea sikioni. “Kibe, si mbili tena.”

“Leo ni mbili mpaka saa saba,” nikamwambia. “Baada ya hapo utachukua nambari yoyote unayotaka.”

Waamuzi walikuwa watatu. Wawili walikuwa walimu. Wa tatu alikuwa mama mfupi aliyevaa sweta la buluu, Bi Kavutha, afisa wa kliniki katika kituo cha afya nje ya mji. Nilianza maelezo yangu kwa sauti ya mhubiri. Nilitaja nyama ya kijivu, pembe za nyuma, tezi kama punje ya kunde. Wale wawili walikuwa wanaandika na kutabasamu. Bi Kavutha hakuwa akinitazama mimi wala vizibo. Alikuwa akimtazama Mulwa.

“Na huyu?” akauliza.

“Huyu ndiye mhusika wetu, Bi. Alikuwa na maumivu ya tisa. Bila dawa yoyote yakashuka hadi mbili.”

“Wewe kijana, uko na maumivu sasa?”

Mulwa alinitazama kwanza. “Mbili,” akasema.

Bi Kavutha aliweka kalamu yake juu ya meza. Akamsogelea, akamwinua shati, akaweka kiganja tumboni. Nilimwona akilibonyeza polepole, na tumbo halikubonyea. Lilikuwa gumu kama kibao cha chapati. Akauondoa mkono haraka, na Mulwa akatoa sauti ambayo siku nzima ya Ijumaa hakuitoa. Ukumbi wote ukageuka.

“Maumivu yalishuka saa ngapi?” akaniuliza.

Hata hapo, Mungu anisamehe, nilifurahi kuulizwa. Nikamwonyesha kwenye grafu. “Saa kumi na moja kamili, Bi. Hapa. Ndipo endofini zilipoingia.”

“Hapo ndipo kidole tumbo kilipopasuka,” akasema. “Kilikuwa kimevimba, kikapasuka, kikaacha kuvuta. Usaha umezunguka tumboni tangu jana jioni.” Hakupandisha sauti. “Nani alikuwa na mgonjwa huyu jana?”

“Sisi.”

“Nyinyi nani?”

Bi Kavutha alikuwa ameshageuka, anaita gari la shule. Machela haikuwepo. Mwalimu Kilonzo aliing’oa plaiwudi yetu, akaigeuza upande wa nyuma, wakamlaza Mulwa juu yake, wakambeba wanne. Vizibo vilikuwa vinadondoka kwa chini kimoja kimoja kwenye sakafu ya ukumbi mpaka mlangoni. Msichana mmoja aliokota kimoja akanipa, akidhani nitakihitaji.

Walimpasua mchana huo. Usiku na mchana kwa siku nne hakuna aliyejua kama ataamka salama. Homa ilipanda kila jioni, na mwalimu mkuu alitangaza kwenye paredi kwamba tumwombee. Mimi niliomba pamoja na wengine. Nilisimama mstari wa mbele nikaitikia amina kwa sauti kubwa kuliko kawaida, na hakuna aliyecheka.

Abdikadir ndiye aliyesema yote, ofisini, kabla hata hajaulizwa. Baba yake alikuja kumchukua, akamsikiliza hadi mwisho, akamwambia apande gari. Mimi nilipata viboko sita. Nilivihesabu. Sikuona dawa yoyote ikija kutoka popote. Mwalimu mkuu alitaka kunifukuza shule, barua ilikuwa imeshaandikwa, lakini Munyiva, mama yake Mulwa, alikuwa amesema kitu kimoja tu.

“Msimfukuze bado. Mleteni kwangu kwanza. Na aje na daftari.”

Siku ya tano homa ilikuwa imeshuka, na daktari amesema ataishi. Siku ya sita Mwalimu Kilonzo alinipeleka wodini, saa ya kutazama wagonjwa. Mulwa alikuwa amelala chali, mrija puani, mwingine ukitoka ubavuni ukiingia kwenye chupa chini ya kitanda. Macho yalikuwa darini. Mdomo wa juu ulikuwa na kovu jembamba jeusi. Upande mmoja aliketi Munyiva, mwanamke mrefu anayeshona nguo kwenye kiwanda kimoja cha Athi River. Alikuwa ameacha mashine yake Jumamosi akaja vilevile, na bado kulikuwa na vipande vya uzi mweupe vimeng’ang’ania sketi yake. Upande wa pili aliketi ajuza aliyejifunga khanga kichwani, susu yake Mulwa kutoka Katelembo, mkono wake umelala juu ya mguu wa mjukuu.

Nilikuwa nimeandaa hotuba. Ilikuwa na neno kujuta mara tatu.

“Mama, mimi nimekuja—”

“Umekuja na daftari?”

Nikalitoa.

“Soma.”

“Mama, limeandikwa Kiingereza.”

“Wewe si ndiye msomi? Nisomee kwa Kiswahili.”

Nikamtazama Mwalimu Kilonzo. Alikuwa anatazama dirisha.

“Saa tatu kamili,” nikasoma. “Tisa. Mhusika ameketi.”

“Mhusika ni nani?”

“Mulwa.”

“Basi sema Mulwa.”

“Saa tatu kamili. Tisa. Mulwa ameketi. Saa tatu na robo, tisa. Mdomo umebanwa dakika tano. Saa tatu na nusu, tisa. Saa nne kasorobo, tisa. Mulwa ana jasho. Mulwa anaomba aende kwa nesi. Ombi limekataliwa.”

“Limekataliwa na nani?”

“Na mimi.”

“Endelea.”

Watu wa kitanda cha pili walikuwa wamegeuka kutusikiliza. Nilisoma kutapika. Nilisoma maneno ya Abdikadir, kwa sababu nilikuwa nimeyaandika, pamoja na alama ya mshangao. Nilisoma kwamba Mulwa amekubali kuendelea, na Munyiva akamwuliza mwanawe kwa sauti ya chini kama alikubali, na Mulwa akafumba macho akayafumbua.

“Saa saba kasorobo,” nikasoma. “Tisa. Mulwa anamwita mama yake.”

Munyiva aliinama, akaweka kidole pembeni mwa ukurasa.

“Hii picha ni ya nini?”

“Ni mfereji, Mama. Na tone la maji.”

“Wa nini?”

“Tulikuwa tunamwita hivyo.”

Nilikuwa nimeichora vizuri, hata koki yake ilikuwa na skrubu. Akaondoa kidole.

“Endelea.”

Nikafika saa kumi na moja kamili. Nilisoma: mbili. Nilisoma maelezo marefu niliyoyaandika chini yake kwa herufi kubwa, kuhusu ushindi wa mwili wa binadamu. Nikafunga daftari. Nilidhani sasa atanipiga, na nilikuwa nimejiandaa, ningefurahi hata.

Susu akamgusa Munyiva mkono, akamwuliza kwa Kikamba, huyu mtoto alikuwa anasoma nini muda wote huo.

“Mwambie mwenyewe,” Munyiva akaniambia. “Yeye hasikii Kiswahili.”

Mimi ni mtoto wa duka la vifaa vya ujenzi. Kikamba changu nilikiokota kaunta: bei ya misumari, chukua chenji, matusi ya wapakiaji. Sina neno la mhusika katika Kikamba. Sina neno la ombi limekataliwa, wala utafiti, wala matokeo, wala nyama ya kijivu. Nilifungua daftari tena nikatafuta mstari wa kwanza, na nikakuta kwamba nikitoa yale nisiyokuwa na maneno yake, hakuna kinachobaki isipokuwa kidogo sana.

“Nilimwuliza kama inauma,” nikamwambia. “Akasema inauma sana.”

Susu akaitikia kwa kichwa, kwa adabu, kama anavyoitikia mtu anayesikiliza habari za safari. “Ukafanya nini?”

“Nikaandika.”

“Halafu?”

“Nikamwumiza mdomo. Nikamwuliza tena. Akasema inauma sana.”

“Ukafanya nini?”

“Nikaandika.”

Alingoja. Alidhani kuna kitu kinachofuata, kitu kitakachoeleza. Mulwa alikuwa amegeuza kichwa kwa mara ya kwanza, ananitazama, na macho yake yalikuwa makavu kabisa.

“Halafu?” susu akauliza.

Ilikuwa mistari thelathini na mitatu. Nilikuwa kwenye mstari wa tatu.